Namna ya Kumtafuta Gobi wa Matumbawe: Mwongozo kwa Msafiri Atokaye Nyanda za Juu Kusini

Wengi wetu tuliokulia kati ya Iringa na Mbeya huishi miaka mingi kabla ya kuiona bahari, na siku tunapoiona macho hukimbilia vilivyo vikubwa: upana wa maji, meli bandarini, na kasa kwa aliyebahatika. Samaki anayehusika na mwongozo huu ni kinyume cha hayo yote. Gobi wa matumbawe, ambaye wataalamu humweka katika jenasi ya Gobiodon, kwa kawaida ana urefu wa sentimita 3 hadi 4, kiasi kwamba angelazwa juu ya kidole gumba chako angeenea bila kuning'inia. Akiwa lava, yaani kichanga aliyetoka yaini, huchukuliwa na maji ya bahari, lakini akishatulia katika tumbawe lenye matawi, hapo ndipo hula, hulala, huoana na kulea mayai yake. Hutamkuta Ziwa Nyasa wala bwawa la Mtera, kwa kuwa tumbawe lake huishi katika maji ya chumvi yenye joto. Anayetaka kumwona hana budi kushuka pwani, na mimi, baada ya kufundisha biolojia huku milimani kwa muda mrefu na kushuka mara kadhaa na wanafunzi, nimeona kwamba nusu ya kazi hufanyika kabla mtu hajapanda basi.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa hasara tupu. Niliogelea juu ya mwamba kwa saa mbili nikiwafukuza kwa macho pono na samaki wengine wa rangi, nikatoka majini nimeungua mgongo na sijaona hata gobi mmoja, ingawa bila shaka nilipita juu ya makumi yao. Kosa langu lilikuwa kumtafuta samaki, kumbe samaki huyu hatafutwi: hutafutwa nyumba yake, na ukishaipata unabisha hodi kwa kunyamaza.

Mazoezi ya nyumbani

Anza na uzio wa michongoma au kichaka chochote kinene ambacho vinyonga hupenda. Simama hatua moja kutoka kwenye uzio, chagua sehemu isiyozidi upana wa ungo, kisha ipitie kwa macho tawi kwa tawi, kutoka shina kwenda nje, kwa dakika 10 bila kusogeza miguu. Mtu asiyezoea humaliza dakika ya pili akiamini kwamba ameona yote, na dakika ya sita ndipo hugundua kwamba kile alichodhani ni jani kavu kina jicho linalozunguka. Wanafunzi wangu huliona zoezi hili kuwa la kitoto, lakini waliolifanya kwa uaminifu ndio waliomwona gobi mapema zaidi baharini, kwa sababu jicho lao lilikuwa limezoea kuingia ndani ya matawi badala ya kuteleza juu yake.

Wenzetu wa Tukuyu na Mufindi wana darasa bora zaidi, nalo ni shamba la chai. Mchai uliochumwa vizuri una uso bapa kwa juu, ile meza ya kuchumia, na chini ya uso huo kuna msitu mdogo wa matawi yaliyobanana ambamo kindege anaweza kukaa asubuhi nzima bila mchumaji kumwona. Tumbawe analolipenda gobi limeumbwa karibu vilevile. Inama mpaka macho yako yalingane na ukingo wa meza, tazama ndani kwa ubavu, na ukumbuke mkao huo, maana utauhitaji.

Baada ya hapo jifunze kupumua kwa mrija. Mahali pazuri kwa mtu wa Mbeya ni Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ambapo miamba inayoshuka kutoka Milima ya Livingstone huingia majini na samaki wadogo waitwao mbuna, wenye rangi ya samawati na njano, huranda kati ya mawe. Mbuna si gobi, wala hawana undugu wa karibu, lakini tabia yao ya kujificha nyuma ya jiwe na kurudi baada ya muda ni mafunzo tosha. Kaa mbali na midomo ya mito kwa sababu ya mamba, epuka maji yaliyotuama kwenye matete kwa sababu ya kichocho, na ukirudi nyumbani pima afya. Zoezi lenyewe ni moja tu: kuelea kifudifudi, uso majini, mikono ikiwa imekunjwa kifuani, bila kupiga miguu, kwa dakika 5 mfululizo. Usipoweza hilo katika ziwa lililotulia, hutaliweza baharini. Asiyejua kuogelea avae jaketi okozi. Si aibu, na kwa kazi hii ni msaada, kwa kuwa humfanya aelee bila kuhangaika.

Vifaa na siku ya kwenda

Unahitaji miwani ya kuzamia inayofunika pua, mrija wa kupumulia, fulana ya mikono mirefu na kofia ya kuvaa ukiwa botini. Miwani ijaribu dukani kwa kuibandika usoni bila kufunga mkanda na kuvuta hewa kwa pua: ikishika yenyewe bila kuanguka, inakufaa. Fulana naipendelea kuliko mafuta ya kukinga jua, kwa kuwa mafuta huoshwa na kubaki majini, nayo matumbawe hayayahitaji. Kwa ajili ya kuandika, kata kipande cha ukubwa wa daftari kutoka kwenye mfuniko wa ndoo nyeupe ya plastiki, kisugue kwa msasa mpaka ule mng'ao uishe, na ukifungie penseli ya kawaida kwa uzi. Penseli huandika vizuri chini ya maji juu ya plastiki iliyosuguliwa, na maandishi hufutika kwa kusugua tena.

Mahali pa kwenda hutegemea unakotoka. Aliyeko Mbeya au Iringa, barabara kuu humpeleka Dar es Salaam, ambako visiwa vya Bongoyo na Mbudya vimehifadhiwa kama maeneo tengefu tangu mwaka 1975. Aliyeko Songea hupata unafuu kwa kupitia Tunduru na Masasi hadi Mtwara, kwenye Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Mwenye muda na fedha aende Mafia, ambako hifadhi ilianzishwa mwaka 1995. Kote huko kuna kiingilio. Lipa kwa utaratibu rasmi na utunze risiti.

Kuhusu majira, epuka kilele cha kusi, yaani takriban Juni hadi Agosti, ambapo upepo huchafua maji na mawimbi hukutikisa kama mtoto mgongoni. Kuanzia Oktoba hadi Machi bahari kwa kawaida ni tulivu zaidi, hasa katika siku ambazo upepo unabadilika na wenyeji husema ni tanga mbili.

Jambo ambalo watu wa bara hulisahau kabisa ni maji kupwa na kujaa. Sisi tumezoea ziwa ambalo leo liko palepale lilipokuwa jana, lakini baharini maji hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kila siku, na kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, na mkondo huwa mkali. Mwezi unapokuwa nusu, huwa ni maji mafu. Katika pwani ya Dar es Salaam, siku za mwanzo wa bamvua maji hupwa karibu saa nne asubuhi, hivyo siku tatu au nne baadaye yatakupwa kati ya saa sita na saa saba mchana, wakati nguvu ya bamvua imeanza kupungua. Hizo ndizo siku ninazozichagua, kwa kuwa tumbawe linakuwa karibu na uso wa maji na jua la utosi linapenya hadi ndani ya matawi. Ingia majini nusu saa kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa, na utoke nusu saa baada yake, kabla mkondo haujaamka. Uzuri ni kwamba mwezi unaonekana hata ukiwa Uyole, kwa hiyo tarehe unaweza kuipanga ukiwa nyumbani, kisha umwombe nahodha aithibitishe, kwa maana yeye ndiye anayeijua bahari yake na neno lake ndilo la mwisho.

Kuitambua nyumba

Ukishazama uso, usitazame samaki. Tazama matumbawe, na uyagawe akilini. Yale makubwa ya mviringo, mazito kama mawe ya kusagia, yapite bila kusimama, kwa kuwa hayana matawi ya kumficha. Yale marefu yenye matawi yaliyoachana kama pembe za swala yanaweza kuwa na wageni wengi, lakini nafasi kati ya matawi ni pana mno kwa gobi wetu. Unalolitafuta ni tumbawe la jenasi ya Acropora lililoumbika kama ule mchai: kichaka kifupi, mara nyingi chenye upana wa shibiri moja hadi mbili, matawi mengi yenye unene wa kidole yakiinuka pamoja na kukomea karibu kimo kimoja, na mwanya kati ya tawi na tawi ukitosha kupitisha penseli yako au zaidi kidogo.

Kisha uliza kama nyumba ina uhai. Tumbawe hai huwa na rangi ya kahawia, kijani au zambarau, na ncha za matawi huwa nyeupe au hafifu kuliko sehemu nyingine, kwa sababu hapo ndipo linapokua. Likiwa jeupe lote kama chokaa, limepauka kwa joto, jambo lililoyakumba matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi vibaya sana mwaka 1998. Likiwa limefunikwa na utando wa mwani wa kijivu au kijani, limekwisha kufa, na gobi hatakuwemo au hatadumu. Chagua lililo hai na zima, katika kina cha mita 1 hadi 3, na uanze kazi.

Elea kando yake, si juu yake, ili kivuli chako kisiangukie matawi. Acha umbali wa urefu wa mkono wako. Shusha kichwa mpaka macho yalingane na ukingo wa kichaka, kama ulivyofanya kwenye chai, kisha utulie kabisa. Dakika mbili za kwanza hutaona kitu, kwa kuwa gobi amekuona kabla hujamwona na amezunguka upande wa pili wa tawi, kama mtoto anayecheza kombolela nyuma ya nguzo, akiteleza taratibu kadiri unavyosogea. Ukimzungukia, naye huzunguka, na mchezo huo atakushinda. Dawa yake ni kubaki mahali pamoja na kuvuta pumzi ndefu za polepole. Chagua pengo moja la matawi na ulitazame hilo tu.

Kinachotokea kwanza ni jicho. Halafu hujitokeza uso wa duara, butu kama punje ya maharage, ukichungulia kwenye pengo bila mwili kuonekana. Baada ya hapo anasogea mbele kwa mruko mfupi na kugandama kwenye tawi, na hapo ndipo utakapoona ajabu yake: hakai majini akielea kama samaki wengine, bali anatua, kwa kuwa mapezi yake ya tumboni yameungana na kufanya kikombe cha kujishikizia. Mwili wake ni bapa ubavuni, umbo linalomwezesha kupita katika mianya ambayo chewa au samaki mwingine mla nyama hawezi kuingiza kichwa. Maji hukuza vitu kwa takriban theluthi moja yanapotazamwa kwa miwani, kwa hiyo mwenye sentimita 3 atakuonekania kama ana 4. Mshukuru Mungu kwa msaada huo, lakini usiuandike katika kumbukumbu zako bila kuupunguza.

Katika pwani yetu anayetambulika kwa urahisi ni Gobiodon citrinus, mwenye rangi ya limau lililoiva na vistari vyembamba vya samawati iliyopauka vinavyoshuka usoni, chini ya jicho na nyuma yake, pamoja na doa dogo jeusi juu ya kifuniko cha shavu. Huyu ni mkubwa katika jamaa zake na anaweza kuzidi sentimita 6. Wapo wengine wa kahawia, wa kijani chenye michirizi myekundu, na weusi watupu, na kuwatofautisha kunataka mazoezi, hivyo usijisumbue siku ya kwanza. Katika matumbawe mengine mafupi, yenye vinundu kama koliflawa, utamkuta ndugu yake wa jenasi ya Paragobiodon, ambaye aina yake moja ina kichwa chekundu chenye vinywele vidogo na mwili mweusi tititi. Katika vinundu hivyohivyo mara nyingi hukaa kaa wadogo wanaolinda mlango wao kwa makucha, na wengi huwadhania kuwa ni gobi mpaka watakapowaona wakitembea.

Ukimwona mmoja, usiondoke. Gobi wakubwa mara nyingi huishi wawili wawili, dume na jike, na tumbawe kubwa huwa na wenyeji wakubwa kuliko tumbawe dogo. Jike hubandika mayai kwenye tawi, na dume ndiye hubaki kuyalinda na kuyapepea mpaka yaanguliwe. Ukimwona mmoja anarudi palepale kwenye kipande kilekile cha tawi na hataki kukiacha hata ukijikohoza ndani ya mrija, huenda umekikuta kitanda. Yako mambo ambayo hutayaona kwa macho: katika baadhi ya aina, samaki mmoja anaweza kugeuka kutoka jike kuwa dume au kutoka dume kuwa jike, kutegemea mwenzi aliyekutana naye, jambo lenye maana kwa kiumbe ambaye kuvuka mita chache za uwazi kwenda kutafuta mchumba kunaweza kumgharimu maisha.

Kwa nini usimguse, wala usiliguse tumbawe

Gobi hawa wengi hawana magamba. Badala yake ngozi yao imefunikwa na ute mzito wenye sumu, unaowafanya samaki wengine wawateme. Kwa hiyo huna sababu ya kumshika, na kwa kuwa atajibana ndani, hutamtoa bila kuvunja matawi. Kila mwaka mwanafunzi mmoja huniuliza kama anaweza kumfuga bwenini. Hawezi: samaki anataka maji ya chumvi yenye joto lisiloshuka, tumbawe hai na umeme usiokatika, na baridi ya Juni huku kwetu ingemuua usiku wa kwanza.

Tumbawe na gobi hutegemeana zaidi ya mpangaji na mwenye nyumba. Mwaka 2012 watafiti Danielle Dixson na Mark Hay walichapisha katika jarida la Science majaribio yaliyofanyika Fiji, ambapo mwani wenye sumu ulipogusishwa kwenye tumbawe, tumbawe lilitoa ishara ya kemikali majini, na ndani ya dakika 15 gobi walikuja mahali palipoguswa na kuupunguza mwani kwa kuukata. Palipokuwa na gobi, tumbawe lilidhurika kidogo kuliko palipokosa. Aina mojawapo, Gobiodon histrio, iliumeza mwani huo, na ute wake ukazidi kuwa na sumu. Kwa hiyo unapopiga pezi la plastiki na kuvunja kichaka cha shibiri mbili, unawavunjia wote wawili. Mimi huwavua wanafunzi mapezi ya kuogelea kabisa katika maji ya kina kifupi, na hakuna anayesimama chini, kwa ajili ya matumbawe na pia kwa ajili ya nyayo zao, kwa kuwa mashefa, wale viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi, hawana huruma na mtu wa milimani.

Kuandika, na kurudi

Kwenye kile kipande cha mfuniko andika ukiwa bado majini, maana kumbukumbu huyeyuka ukishapanda botini na kupewa chapati. Andika saa, kina kwa kukadiria, upana wa tumbawe kwa shibiri, rangi yake, kama lina sehemu iliyokufa au mwani unaoligusa, idadi ya gobi na rangi zao. Chora pia umbo la kichaka na alama iliyo karibu, kwa mfano jiwe kubwa upande wa kisiwa, ili uweze kulirudia.

Kama ulitumia mrija tu, unaweza kupanda basi jioni ileile. Lakini aliyezamia kwa mtungi wa hewa asifanye hivyo, na hili waongozaji wa pwani hawalikumbuki daima, kwa kuwa wageni wao wengi hurudi kwenye hoteli za usawa wa bahari. Barabara ya kwetu, baada ya Ruaha Mbuyuni, inaupanda mlima Kitonga, na kabla hujalala utakuwa Iringa kwenye zaidi ya mita 1,500, au Mbeya kwenye takriban 1,700. Kwa mwili wenye naitrojeni iliyobaki kutokana na kuzamia, kupanda huko ni sawa na kupanda ndege, na naitrojeni hiyo inaweza kutengeneza mapovu kwenye viungo na damu. Mimi husubiri saa 24 kamili pwani. Saa hizo hazipotei: siku inayofuata, maji yakiwa yamepwa kwa kuchelewa kidogo kuliko jana, elea tena juujuu bila kupiga mbizi, tafuta lile jiwe kubwa upande wa kisiwa, na uchungulie katika kichaka kilekile uone kama wale wawili bado wako kwenye tawi lao.